Namba za Maji, Kichochoro cha Waru

12 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana. Asubuhi nimeshuka kichochoroni, nimepima kwenye nguzo ya kona: sentimita 11. Nimetuma. Huu ni msimu wangu wa tatu. Mwaka huu naandika na humu daftarini, kwa sababu mwaka jana simu iliingia maji, namba za siku tatu nikabaki nazo kichwani, na kichwa changu si mahali pa kuwekea kitu.

Mbok, mama mkwe wangu, kaniuliza swali lake la kila mwaka.

"Nduk, mwanangu, hao unaowatumia namba wanakujua?"

"Hawanijui, Mbok."

"Na wewe unawajua?"

"Mmoja."

"Basi unapiga kelele kisimani."

Huyo mmoja ni Hapsah, mwalimu wa kemia huko Makassar, kisiwa kingine. Hatujawahi kuonana. Yeye huchora mapaa ya nyumba zetu kutoka kwenye picha za setilaiti, mimi hujaza yasiyoonekana kutoka juu: hapa wanaishi watano, hapa yupo asiyeweza kutembea, hapa maji leo yamefika kiasi hiki. Ramani hiyo ni ya wote. Mtu yeyote anaifungua mtandaoni bila kuomba ruhusa, na watu wa mashua za uokoaji huifungua kila asubuhi ya mafuriko ili wajue waanzie wapi. Ndiyo maana napima.

13 Novemba

14.

14 Novemba

9. Jua limetoka. Nimeanika sare sita za shule nilizomaliza kushona.

21 Novemba

26. Nyumba inayofuata yetu ni ya Mbah Sarwi, babu mtengenezaji wa vizimba vya ndege. Ana miaka sabini na minane na anaishi peke yake. Kati yetu na yeye ni ukuta wa tofali moja, akikohoa tunamsikia. Kila nikitoka kupima ananingoja dirishani.

"Leo bei gani?"

"Ishirini na sita, Mbah."

"Ghali. Nitasubiri ishuke."

28 Novemba

22. Mbah Sarwi kasema bado ghali.

3 Desemba

Pak Darmin, mwenyekiti wa mtaa wetu, ametuita sote kwenye ua wa msikiti mdogo. Alikuwa na barua kutoka kwa wakubwa wa mji. Aliisoma taratibu, kama mtu anayepita kwenye ubao wenye utelezi. Nyumba mia mbili na kumi na mbili, pande zote mbili za kichochoro, ziondolewe kabla ya mwisho wa Juni, kwa sababu eneo hili halifai kwa makazi ya watu. Tutapewa vyumba kwenye majengo ya ghorofa upande wa pili wa mji. Nyuma ya barua kulikuwa na ramani, na sisi tumepakwa rangi nyekundu.

Chini ya ramani palikuwa na maandishi madogo. Pak Darmin alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Vipimo vya maji vimetolewa kwenye ramani huria, akasoma. Wachangiaji. Jina la kwanza lilikuwa langu.

"Bu Wening," akasema, wala hakupaza sauti, "huyu ni wewe?"

Nikasema ni mimi. Watu walinigeukia polepole. Nilitamani mtu anitukane, ningalijua la kujibu.

4 Desemba

31. Hakuna aliyenisalimia ila Mbah Sarwi.

5 Desemba

30. Vilevile.

9 Desemba

33. Pak Darmin amekuja nyumbani. Mbok alimtengea chai ya tangawizi, akabaki palepale kwenye kiti chake, masikio wazi.

"Futa," Pak Darmin akasema.

"Nikifuta haisaidii, Pak. Watu wameshachukua nakala. Kitu kikishakuwa cha wote hakirudi kwangu."

"Haya. Basi kuanzia sasa punguza."

"Nipunguze nini?"

"Usinifanye mjinga, Bu. Maji yakiwa sitini, wewe ona thelathini. Tuonekane tunaanza kukauka. Mwezi wa tatu tunaitwa mezani na wakubwa, na mimi nitakwenda na nini? Na machozi?"

Nikamwambia watu wa mashua wanaitegemea ile namba.

"Mashua inakuja siku moja kwa mwaka," akasema. "Kuhamishwa ni siku zote zilizobaki."

Alipoondoka Mbok alimalizia chai iliyobaki. Halafu: "Mimi nimezaa humu na nimezika humu. Miguu yangu hii unaijua. Wakiniweka ghorofa ya nane, Nduk, nitashuka tena lini?"

Nimemwandikia Hapsah kila kitu. Amejibu baada ya saa mbili: "Mbak, dada yangu, mimi siko huko, siwezi kukwambia ufanye nini." Dakika moja baadaye akaongeza: "Ila ukiandika uongo, mimi nitauchora kama kweli."

17 Desemba

44. Nimeandika 44.

18 Desemba

47. Mama wa tempe, jirani anayeuza vipande vya soya iliyochachushwa, amekuja kuchukua kitambaa chake ambacho sijakikata bado. Hakusema sababu. Alikikunja vizuri, akakipapasa kama kimetoka kwa mgonjwa, akaenda.

19 Desemba

52. Kwenye ramani nimeandika 25.

Nilidhani kitu kitatokea. Kidole kitetemeke, simu inikatalie, sijui. Hakikutokea kitu. Namba iliingia kama zile zingine zote.

20 Desemba

50. Nimeandika 24.

21 Desemba

55. Nimeandika 25. Mama wa tempe amerudisha kitambaa, na juu yake ameweka tempe iliyofungwa kwenye jani, ya moto bado. Kumbe Pak Darmin amewanong'oneza. Kichochoroni watu wanne wamenisalimia kwa jina. Nilifurahi, na hilo naliandika kwa aibu, kwamba nilifurahi.

"Leo bei gani?" Mbah Sarwi akauliza.

"Hamsini na tano."

Yeye simdanganyi. Naidanganya ramani tu.

29 Desemba

48. Nimeandika 25. Hapsah hajauliza kitu. Nadhani ananipa nafasi.

6 Januari

58. Hakuna mvua tangu juzi, wala si siku za rob, yale maji ya bahari yanayopanda yenyewe, na bado kichochoro kimejaa. Pampu ya mdomo wa mto, inayosukuma maji yetu baharini, iko kimya. Tumezoea mngurumo wake hata hatuusikii, ila ukikatika kila mtu anainua kichwa. Nimeandika 30.

Cherehani nimeipandisha juu ya matofali manne. Mbok na mimi tunaishi kitandani, tunakula kitandani. Leo tumegombana kwa sababu ya kijiko.

11 Januari

60. Nimeandika 30. Sijatoka kichochoroni siku tano, ila hadi kwenye nguzo na kurudi.

13 Januari

61. Nimeandika 30. Mvua haijakatika tangu jana. Pampu kimya.

14 Januari

Niko darini. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Saa kumi na moja alfajiri nimeamshwa na sufuria iliyokuwa ikigonga mguu wa kitanda. Ilikuwa inaelea. Nilipoteremsha miguu, maji yakanifika magotini ndani ya nyumba. Nimembeba Mbok mgongoni, ngazi ina vipago saba, kwenye cha tano aliniambia, "Niache, Nduk, nitakuvuta chini." Nikamwambia anyamaze ashike shingo. Saa moja maji huko chini yangenifika kifuani. Cherehani imezama.

Kupitia tundu la kigae naona kichochoro. Nguzo ya kona haionekani. Simu ina chaji lakini hakuna mtandao, mnara umezimika. Ina maana kwamba neno la mwisho la Kichochoro cha Waru, kwa dunia nzima, ni lile langu la jana. Thelathini.

Saa mbili hivi nikasikia mashua. Injini ilikuja kwenye barabara kubwa, ikapungua kidogo pale penye njia yetu. Nikapiga kelele, Mbok akapiga ufuniko wa sufuria. Ikaongeza mwendo, ikaelekea kijiji cha mashariki. Wao wanaandika namba zao kama zilivyo.

Mbok aliniangalia. Akaweka ufuniko chini. Ningependa angenilaumu.

Nyumba ya Mbah Sarwi haina dari. Nimetambaa hadi ukutani, nikagonga.

"Mbah."

"Nipo." Sauti ilitoka karibu na sikio langu. "Nimepanda kitandani, juu ya kitanda nimeweka kigoda, juu ya kigoda nimekaa mimi."

"Maji yamekufika wapi?"

"Kiunoni. Wewe ndiye mwenye kupima, unaniuliza mimi?"

Saa tatu yalikuwa mbavuni. Akanieleza anavyochagua mianzi ya vizimba, kwamba ule uliokatwa kiangazi hauliwi na wadudu. Aliyasema mara mbili. Mara ya pili meno yalikuwa yanagongana. Mlango wake umezibwa na kabati lililoelea. Dirisha lake lina nondo. Langu pia, na mlango wangu haufunguki. Mimi nikishuka sina pa kutokea, yeye hana pa kupandia, na kati yetu ni tofali moja ambalo sina hata nyundo ya kulivunjia; nyundo iko chini ya maji. Nilijaribu kwa kipago cha ngazi. Nimetoa plasta ya ukubwa wa kiganja.

Saa nne nikamwambia.

"Mbah, kwenye ramani niliandika thelathini. Tangu Desemba napunguza. Ile mashua imetupita kwa sababu yangu."

Maji tu yakigonga pande zote mbili za ukuta. Nikadhani ameanguka.

"Kumbe ulinipunja," akasema.

"Nilikupunja, Mbah."

"Haya. Endelea kuongea, nisije nikasinzia."

Nikaongea. Sikumbuki niliongea nini. Mbok naye akaongea, akamsimulia harusi ya mwanawe, marehemu mume wangu, mbuzi alivyokimbia na kamba, na Mbah Sarwi akasahihisha kwamba hakuwa mbuzi, alikuwa kondoo.

Saa sita kasoro mtandao ukarudi kwa dakika chache. Jumbe za Hapsah zilikuwa tatu. Wa saa tatu: "Mbak, kituo cha kupimia mto kinaonyesha maji makubwa, majirani zenu wote wako zaidi ya 140, ninyi tu ndio 30. Uko salama?" Wa saa nne: "Mbak, jibu." Wa saa tano na dakika ishirini: "Nimefuta namba yako. Nimepaka kichochoro chote rangi nyekundu kwa jukumu langu mwenyewe, nimewapigia watu wa mashua, nimewapa nyumba ya mama mkwe wako na ya jirani mzee. Nikikosea nitaomba radhi kwa wote."

Nikapima kichochoro kwa kamba kutoka tundu la kigae. Nikaandika 158. Ilikuwa namba yangu ya kwanza ya kweli baada ya siku ishirini na sita.

Mashua imefika saa nane mchana. Walikata nondo za Mbah Sarwi kwanza. Alikuwa amekaa kwenye maji kwa muda wa saa tisa. Alipopitishwa chini ya tundu langu, ngozi yake ilikuwa nyeupe kama karatasi iliyoloa. Akainua vidole viwili, sijui kwa kunisalimu au kwa baridi.

15 Januari

Tuko darasani, shule ya msingi kwenye mwinuko. Familia kumi na moja. Wali wa kufungwa kwenye karatasi, yai nusu.

16 Januari

Vilevile.

19 Januari

Tumerudi. Tope hadi mapajani. Maji yameacha mstari ukutani.

23 Januari

Mbah Sarwi ana homa, macho yamekuwa manjano, mapaja yanamuuma akiguswa. Ni ule ugonjwa wa mkojo wa panya. Tumempeleka hospitali mimi na Pak Darmin, tukimshika huku na huku.

25 Januari

Figo. Kanitambua.

27 Januari

Amefariki kabla ya adhuhuri.

Daktari amesema vidudu hivyo vimo kwenye maji yetu mwaka mzima, angeweza kuvipata siku yoyote. Daktari hajui habari ya thelathini.

2 Februari

Sijapima wiki nzima. Nakaa na Mbok kwenye nyumba inayonuka mto, naangalia ukuta.

Pak Darmin amekuja. Hakutaka chai. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. Yeye ndiye aliyeshika jeneza mbele, kulia.

"Tulimuua, Bu?"

"Sijui, Pak."

"Wazo lilikuwa langu."

"Mkono ulikuwa wangu."

Akatikisa kichwa mara kadhaa, akaenda. Siku zote nilimwona mtu wa kujipendekeza kwa wakubwa na kutubana sisi. Leo nimemwona ameingia mtegoni kwa mlango uleule nilioingilia mimi.

3 Februari

Nimeandika kwenye ukurasa wa ramani, pale panaposomwa na wote, kwa jina langu kamili: kwamba namba za Kichochoro cha Waru za tarehe 19 Desemba hadi 13 Januari ni za uongo, nimezipunguza mimi, na hizi hapa ndizo za kweli. Nikazinakili moja moja kutoka humu daftarini. Nikasema pia kwamba jirani yangu alikaa majini kwa muda wa saa tisa. Sikusema aliyeniomba.

4 Februari

38. Nimeandika 38.

Majibu yameanza. Mtu mmoja nisiyemjua anataka namba zangu zote za miaka mitatu zitupwe. Ana haki. Hapa mtaani nako maandishi yangu yamesomwa, mama wa tempe amepita bila kugeuza shingo. Kwa hiyo sasa sina upande. Kwa wa mbali mimi ni mwongo, kwa wa karibu mimi ni msaliti, na mvua bado inanyesha.

10 Februari

41.

16 Februari

Hapsah ameniandikia. Amechukua namba zangu zote, tangu msimu wa kwanza, akazilinganisha na kituo cha mto, moja baada ya nyingine, jioni baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Wenzake watano walimsaidia, mmoja yuko Davao, mmoja Kuching, nchi za jirani. Zimethibitika, isipokuwa zile ishirini na sita. Kisha akauliza: "Mbak, kuna siku maji yenu yanapanda bila mvua na bila rob. Nimehesabu thelathini na nane. Siku hizo kuna nini?"

Nilikaa nayo simu mkononi. Nikainuka, nikaenda moja kwa moja kwa mama wa tempe.

Alikuwa anamenya soya. Hakuniangalia.

"Bu, wewe unaamka kabla ya sisi sote. Siku pampu ikinyamaza, unakumbuka?"

"Nikumbuke ya nini? Nimeandika." Akanyoosha kidevu ukutani. "Ikinyamaza maji yanaingia kwenye mapipa, soya inaoza. Natia alama nipate wa kumlaumu."

Kalenda tatu, moja juu ya nyingine kwenye msumari mmoja. Alama ni misalaba ya mkaa.

"Naomba nipige picha."

"Za kupeleka wapi tena? Kwa hao waliotupaka rangi nyekundu?"

"Kwa wote, Bu. Hao nao wamo."

Akafikiri. Akajifuta mikono, akazishusha kalenda mwenyewe, akazitandika mezani pasipo maji. "Piga vizuri. Huo wa tarehe tano umefifia, lakini ni msalaba."

17 Februari

40. Kati ya siku thelathini na nane za Hapsah, thelathini na tano zina msalaba.

1 Machi

Mkutano. Walikuja watatu kutoka ofisi ya mji na mhandisi mmoja. Hapsah na wenzake walikuwa wamechora mchoro ambao hata Mbok aliuelewa: mstari wa maji, na chini yake siku za pampu kunyamaza. Bwana mmoja mwenye kalamu mfukoni akasema mchoro ni mzuri, ila umejengwa juu ya namba za mtu aliyekiri mwenyewe kuwa mwongo.

Nilitazama sakafu. Alikuwa amesema kweli.

Pak Darmin akasimama. "Alidanganya siku ishirini na sita," akasema, "kwa sababu mimi mwenyekiti nilimwomba nyumbani kwake, nikinywa chai yake. Niandikeni mimi. Na hizo kalenda hazikuandikwa na yeye, ziliandikwa na muuza tempe, ambaye hampendi."

"Simpendi hata kidogo," mama wa tempe akasema kutoka nyuma.

Watu wakacheka kidogo. Mhandisi hakucheka, alikuwa anazifunua kalenda, mwezi kwa mwezi, na kalamu yake mwenyewe alikuwa ameishika.

9 Machi

29. Barua mpya. Pampu itatengenezwa na kuwekewa mlinzi, na siku zake za kufanya kazi zitaandikwa kwenye ramani ya wote. Hatuondolewi sote. Zitaondolewa nyumba ambazo ndani yake, tarehe 14 Januari, maji yalipita sentimita 120. Mhandisi na wakazi watapima pamoja.

Mtaa wote umeshangilia. Mama wa tempe amegawa tempe. Mimi nimekwenda ukutani, nikasimama mbele ya ule mstari wa tope, wala sikutaka kuuwekea mkono.

14 Machi

Leo tumepima. Pak Darmin alishika utepe, mimi niliandika na kutuma papo hapo, mhandisi alihakiki. Tulianzia mwanzo wa kichochoro. 88. 93. Mama wa tempe 97. Alikaa chini kizingitini, akajifunika uso kwa kanga ya batiki. 101. Kwa Mbah Sarwi 126, hakuna wa kuambiwa.

Kwetu mhandisi alibaki nje, simu yake imeita. Mbok alikuwa kwenye kiti chake. Pak Darmin alichuchumaa, akanyoosha utepe hadi kwenye mstari, akausoma kimya. Akaniangalia.

"Bu," akasema polepole, "kona hii ya sakafu imeinuka. Nikiusogeza utepe hapa, hakuna atakayenuna."

Nilimwangalia Mbok. Alikuwa ameshasikia, masikio yake ni mazima. Alikuwa anaangalia mikono yake.

"Usisogeze, Pak. Soma."

"Mia na ishirini na tatu."

Nikaandika 123. Kidole changu kilisita juu ya kitufe cha kutuma. Mbok akakohoa.

"Umeshatuma?"

"Bado, Mbok."

"Tuma, watu wanasubiri."

Nikatuma. Tukatoka, tukaingia nyumba inayofuata. 104.